Minyororo Kumi na Minne, Pingili Thelathini na Saba

Ramani imefika mezani kwangu ndani ya gazeti,
imekunjwa mara nane, inanuka kahawa mbichi.
Kibosho, mwaka arobaini na saba.
Wino wa zambarau unasema:
kutoka jiwe B hadi kwenye masale,
minyororo kumi na minne na pingili thelathini na saba.

Nageuza. Ndiyo kazi yangu hapa Moshi, kugeuza.
Pingili moja ni sifuri nukta mbili sifuri moja moja sita nane ya mita;
naikariri kama wengine wanavyokariri zaburi.
Mara elfu moja mia nne thelathini na saba:
mia mbili themanini na tisa, nukta sifuri saba nane.

Ndesario, kijana mgeni ofisini, akainua kalamu.
"Mama Ndeonasia, hiyo ni futi ipi?
Futi ya wapimaji wa enzi zile ilikuwa fupi kidogo."
Kweli. Fupi kwa unywele uliopasuliwa mara ishirini na tano.
Tukabishana hadi chai ikaingia utando,
na kwa urefu wote ule tukapata milimita mbili na nusu,
unene wa kijiti cha kiberiti.
Tukaridhika. Tukanawa mikono kama watu waliomaliza kuchinja.

Asubuhi tulipanda na chombo,
kile kinachosemezana na setilaiti.
Jiwe B tulilikuta chini ya majani ya migomba, lina kovu la jembe.
Mama Eliawony alituonyesha masale, hakusema neno.
Chombo kikalia mara moja:
mia mbili tisini, nukta tano mbili nne.

Mita moja na nusu kasoro vidole vitatu.
Mstari mmoja wa mibuni, kutoka juu hadi mferejini.

Ndesario akapima tena. Akalaumu migomba, akalaumu mawingu.
Mimi sikulaumu kitu,
nilikuwa nimeshaanza kugawanya kichwani:
nusu pingili kwa kila mnyororo.
Nusu pingili.
Namjua mwenye nusu pingili.

Baba yangu, Ndekirwa, alikuwa mshika mnyororo.
Alishika mkia; kichwa alishika mwingine.
Nyumbani Uru alipigilia misumari miwili kwenye mawe ya mfereji,
futi sitini na sita katikati yake,
na kila Jumamosi aliuosha mnyororo, akaunyoosha pale.
Pete zikisuguana na mchanga zinalika, alisema,
na kinacholika kwenye pete kinaongezeka kwenye mnyororo.
Nilidhani ni fumbo. Ilikuwa hesabu.

Mwaka ule mnyororo ulivuka msumari.
Alimwambia bwana mpima.
Bwana mpima akasema: Inatosha, twende.

Mnyororo uliorefuka huhesabu kidogo.
Shamba la mzungu likala ardhi ambayo karatasi haikuiona,
na kihamba cha bibi yake Eliawony kikasogea, kimya,
kama mtu anayempisha mgeni kwenye benchi.
Baba hakututajia mahali.
Ila akigawa ndizi mezani, mmoja wetu akanung'unika,
alisema, "Hiyo ni nusu pingili tu," nasi tukacheka,
yeye hakucheka.

Sheria naijua: jiwe hushinda karatasi.
Kilichosimama ardhini kinasimama,
hata kama kilisimamishwa na chuma kilicholegea.
Na fomu ina safu ya mwisho, Sababu ya Tofauti,
pana kama kidole gumba.
Ndesario ameniandikia kwa penseli: uchakavu wa kifaa.
Nimefuta. Nimeandika: mnyororo ulijulikana.
Nimefuta tena, karatasi imeanza kutoka manyoya.

Wakati wa kushuka nilichuma jani la isale,
nikalifunga fundo, fundo la kuomba radhi.
Lipo kwenye droo, chini ya rula ya chuma.
Sijui nimpelekee kwa jina la Baba au kwa jina la ofisi.

Ndesario anauliza: tuandike desimali ngapi?
Tatu, namwambia.
Andika tatu.